Kigoda cha Baba

Huruma, Eldoret

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu nikiwa mzima, isipokuwa mgongo. Mguu wako umepungua kuvimba? Na ng'ombe amezaa, au bado mnamngoja?

Hapa mahindi yameanza kuingia kutoka mashambani, na sisi wapakiaji wa ghala hatupumziki. Nikifika chumbani navua viatu, naketi katikati ya vitu vyangu vya zamani. Dada alikwambia nakusanya takataka, na si uongo sana. Nina pasi za makaa, redio isiyosema kitu, taa za chemli na vibuyu vya maziwa. Majirani wananiogopa. Wanasema mtu anayelala na vitu vya marehemu hana nia njema. Nimechoka hata kujitetea.

Jumapili baada ya kanisa nilienda Yamumbi kwa mama mmoja mjane. Nilisikia wanawe wamemjengea nyumba mpya, na kigoda cha marehemu baba yao wanataka kukipasua kiwe kuni. Nikamwomba aniuzie.

"Kiti ya mzee haiuzwi," akasema. "Lakini kaa. Unaonekana umechoka."

Mama, nilikaa juu ya kigoda kile, nikaegemea ukuta, usingizi ukanibeba. Nilipoamka chai aliyoniwekea ilikuwa imepoa, naye bado yupo, anachambua maharagwe.

"Vijana wangu hawajai kaa hapo hata siku moja," akasema. "Na ya baba yako iko wapi?"

Nilinywa chai ile baridi, nikaaga. Unakumbuka siku ya kugawa vitu vya Baba lori la mizigo lilituharibikia njiani, huko Burnt Forest, nikafika watu wameshakula wananawa mikono. Kwetu asiyekuwepo hagawiwi. Baba mdogo alichukua kigoda, nami nikamwachia, maana ndiyo desturi. Iliniuma, Mama. Tangu hapo naokota vya wazee wa watu.

Kwa simu ningeshindwa kuyasema haya. Nasikia siku hizi kuku ndio wanalala juu ya kigoda cha Baba. Kama ni kweli, mwambie Baba mdogo nitamletea viti viwili vipya vya mbao badala yake, na hizi takataka zangu nitawaachia wanaozitaka.

Msalimie dada, na shemeji anayesaga unga posho mill, na shangazi yangu wa kwaya. Baba mdogo msalimie mwisho, mkiwa mmekaa vizuri, kisha umuulize kwa upole, asidhani namdai. Sitaki kukileta Eldoret. Nataka tu nikija Krismasi nikikute mlangoni pako, nikikalie hadi usingizi unichukue.

Mwanao aliyechoka,
Wekesa