Anwani Moja kwa Lionja Nzima

Mdogo wangu Rashidi,

"Anwani za zamani za intaneti zinatutosha," ulinibishia. Njoo Lionja, Nachingwea, uone zinavyotosha. Kampuni yenu ya intaneti imewapa watu wa huku anwani moja watumie wote. Leo jirani mmoja kakosea nywila ya tovuti ya chuo mara nyingi, tovuti ikaifungia anwani hiyo, na maombi ya kujiunga ya binti wa mwenyeji wangu, Bi Somoe, yakakwama siku ya mwisho ya kuyatuma.

"Gunia la korosho tu tunaliandika jina la mwenyewe," kasema akinipakulia kisamvu, "mbovu za mtu zisimponze mwingine. Huyo mdogo wako hajui hata hilo?"



Wasalimie wanao. Wewe na mafundi wenzako, washeni anwani za mfumo mpya. Zipo tele, kila kaya ipate yake.

Dada yako