Kabari Niliyoisukuma kwa Kiatu

Mjomba wangu mpendwa,

Sauti iliyobaki nami ni ya mti ukisagika juu ya saruji yenye mafuta. Haikuwa kubwa. Ilikuwa fupi, kama mtu anayevuta kigoda jikoni ili akae, kisha ikanyamaza. Baada yake zilikuja nyingine kubwa zaidi, za chuma, za Adriko, za Kapteni akifoka, lakini hizo zimeanza kufifia. Hii ya mti haififii. Wasichana wangu wakisogeza viti darasani naisikia, na chaki inasimama mkononi.

Sijui nikuandikie wapi. Wanaotoka Bunia wanasema ulionekana Mahagi. Wengine wanasema uko Kisangani unaendesha lori la kahawa, na mmoja aliapa kwamba umeacha udereva kabisa. Barua tatu nilizotuma hazikujibiwa, na siku hizi mtu hajui barua yake inapita mikono ya nani kabla ya kufika. Kwa hiyo hii naiandika wazi. Yeyote anayemfahamu dereva mrefu, mwenye pengo la jino la mbele, anayesema "apana" kwa sauti ya chini hata akiwa amekasirika, tafadhali amsomee.

Nilikuwa na miaka tisa tulipovuka mpaka kutoka Kongo, mama, wewe na mimi, tukiwa na sufuria mbili na Biblia. Mama alipofariki ulinipa chumba chako cha Nateete, wewe ukahamia kulala kwenye kiti cha lori, ukasema kiti kile kinakufaa mgongo. Niliamini hivyo kwa miaka mingi. Uliniita "Mama", kwa kuwa nilipewa jina la bibi aliyekuzaa, na ukinigombeza ulinigombeza kwa heshima: "Mama, kitabu kinangoja." Likizo zote za sekondari nilikuja nawe yadi ya malori, kule chini ya Bugolobi ghala zinakopakana na reli. Nilikaa kwenye kasha nikijaza karatasi za mizigo kwa Kiingereza, ambacho wewe na Adriko mlikiogopa kuliko kona za barabara ya Masaka.

Adriko alikuwa tanboi wako, yaani utingo, mtu mzima mwenye watoto wanne, na hakuna siku aliyoniita kwa jina. "Profesa," angesema, "andika hapo: gunia ishirini, na tanboi moja muzuri sana." Mlikula sahani moja. Yeye alitoka Arua, wewe ulitoka ng'ambo, mkasema mnatenganishwa na mto tu.

Ni nyinyi wawili mlionifundisha kuachanisha trela. Nakumbuka ulivyonishika mkono ukauweka juu ya pini. Trela yetu ilivutwa na mkono mrefu wa chuma wenye tundu kwenye ncha. Tundu liliingia kwenye mdomo wa chuma nyuma ya lori, na pini nene ikashuka katikati kuvifunga. Kuachanisha ni kuvuta pini juu, basi. Ikikwama, madereva wengine huita nyundo.

"Apana nyundo," ulisema. "Pini haina kosa. Iko inabeba muzigo. Muondolee muzigo, itatoka yenyewe."

Kisha ulinionyesha. Kwanza kabari za mti chini ya magurudumu ya trela, mbele na nyuma, na kila moja inagongwa mpaka iume tairi. Aliyeziweka anapiga magoti, anaangalia, halafu anaita, "Imekaa!" Kabla ya neno hilo hakuna anayegusa kitu. Baada yake dereva anarudi nyuma kidogo, upana wa kiganja, mpaka uzito utoke kwenye pini, na aliye kando anaivuta. Akigonga bodi mara moja, simama. Mara mbili, rudi. Na hakuna anayeingia kati ya lori na trela, hata akidondosha pete ya ndoa. Nilicheka kwa hiyo pete, wewe hukucheka.

Mwenye yadi wa kwanza, Mhindi mmoja mkimya, aliondoka pamoja na wenzake wote walipofukuzwa nchini, na yadi akapewa Kapteni, mtu wa jeshi. Kapteni hakuwa mbaya kila siku. Ila hakujua kuwa lori nalo linakula. Grisi ilipotea mjini, akasema mpake chochote, mkapaka mafuta machafu yaliyomwagwa kutoka kwenye injini. Waya wa breki ya mkono ya trela ulikatika na mwingine haukupatikana. Tangu hapo trela ile, kwenye saruji ile inayoteremka kuelekea reli, ilishikiliwa na kabari peke yake. Ulijua hivyo. Adriko alijua. Nami nilijua, na hiyo ndiyo sehemu ninayoshindwa kuipita kila nikijaribu kujitetea.

Siku yenyewe nilikuja yadi asubuhi kukuaga tu. Saa nane mchana nilitakiwa chuo kikuu kwa mahojiano. Nilivaa blauzi nyeupe uliyoninunulia, sketi ya buluu, na viatu vyeusi vya kisigino kifupi. Adriko aliponiona alivua kofia. "Eee! Leo Profesa ni waziri!" Wewe ulifuta mikono kwenye suruali, kisha hukunigusa, ukaogopa kunichafua. Ulisimama tu ukiniangalia.

Ndipo Kapteni akaingia na gari lake. Alitaka lori bila trela, sasa hivi, likamchukulie mabati ya nyumba yake.

"Wewe Mkongo! Toa hiyo trela! Dakika tano!"

"Ndiyo, afande."

Adriko aliitikisa pini kuona kama imebana, ikakataa. Akaitikisa tena. Kapteni alisimama mlangoni mwa ofisi akipiga funguo kwenye paja. "Mnacheza? Nyinyi mnacheza na mimi?" Ulipanda kwenye kiti cha dereva. Adriko akaenda kuweka kabari za upande wa pili, na ya mwisho, ile ya nyuma upande wangu, ilikuwa imelala sakafuni miguuni pangu. Hukuniomba. Adriko akiwa bado upande wa pili, nilikuambia mwenyewe dirishani, "Hii naiweka mimi." Nilitaka kumaliza kelele za yule mtu. Pengine nilitaka pia aone kwamba msichana mwenye blauzi nyeupe anajua kazi ya mjomba wake.

Kabari ilikuwa ndani ya dimbwi la mafuta. Ili kuiweka ningepaswa kupiga magoti pale, kuishika kwa mikono miwili na kuigonga. Niliangalia sketi yangu. Nikaisukuma kwa ncha ya kiatu mpaka ikagusa tairi.

Nikaita, "Imekaa!"

Uliniamini. Adriko alikuja kwenye pini akagonga mara mbili, ukarudi upana wa kiganja kama siku zote, uzito wote ukatoka kwenye pini ukaiendea ile kabari. Nikaisikia ikiteleza. Pini ikaruka juu mkononi mwa Adriko kwa urahisi kabisa, na trela ikashuka. Magurudumu yake ya mbele yalijipinda, ule mkono wa chuma ukafagia kando na kumbana Adriko ukutani chini ya goti. Alikuwa amesimama mahali salama kwa trela iliyokaa.

Mlipomtoa, Kapteni, ambaye kule mlangoni alikuwa akiangalia lori tu, aliuliza nani aliweka kabari ya nyuma. Nilifungua mdomo. Najua nilifungua, kwa sababu nakumbuka ladha ya hewa ile. Wewe ulikuwa umemshika Adriko kichwa, ukasema bila kunitazama, "Miye, afande. Niliiweka miye mbele ya kupanda gari. Huyu mutoto nilimutuma aite tu."

Adriko alikusikia. Akiwa sakafuni vile, alikutemea mate.

Nilikufuata mpaka bombani ulipokwenda kunawa damu. Nikasema, "Mjomba, nitawaambia." Ukasema, "Utawaambia nini? Saa nane banakungoja. Nenda, Mama." Nikaenda. Hilo ndilo ninalotaka ulisikie kutoka kwangu: nilikwenda. Nilipanda basi, nikajibu maswali ya watu watatu kuhusu historia na maisha yangu ya baadaye, na mmoja akanisifu kwa utulivu. Blauzi haikuwa na doa hata moja.

Niliporudi jua lilikuwa bado kali. Chumba kilikuwa kimefagiwa. Jirani alisema umepanda lori la samaki kuelekea magharibi, kwa kuwa ndugu yake Adriko ni sajini, na mkimbizi aliyemvunja ndugu wa sajini hapaswi kungoja kuulizwa karatasi zake. Ulikuwa umeniachia sombe jikoni, ile mboga yetu ya majani ya muhogo, imefunikwa kwa sahani. Niliila. Niliimaliza yote, Mjomba, nikalamba kijiko. Kesho yake askari wawili walikuja kukuuliza, nikasema sijui, na hapo tu ndipo niliposema kweli.

Adriko alikatwa mguu. Nilikubaliwa chuo. Nimemaliza, nafundisha, na miaka minne imepita.

Kwa miaka miwili sasa yeye anakaa Kabalagala, kando ya baa moja, mchana, akiuza sigara na karanga. Nilipomgundua nilianza kununua karanga kwake kila Jumamosi, na karanga sizipendi. Wateja wakimuuliza mguu ulikwenda wapi alikuwa na jibu moja: "Mkongo alinikata. Rafiki yangu." Kisha ananigeukia: "Profesa, yule mwuaji wako iko wapi?" Nasema sijui. Ananiongezea karanga, kwa kunihurumia kuwa na mjomba kama huyo. Nilizipokea hizo za nyongeza.

Jumamosi iliyopita alikuja mzee mmoja mfanyabiashara wa vitenge, akaomba sigara. Alipofungua mdomo ilisikika Bunia yote. Adriko akamnyang'anya sigara. "Pesa ya Mkongo mimi hapana taka. Potea!" Yule mzee aliinama akatafuta miguuni pake, kana kwamba amekanyaga kitu bila kujua, akaomba radhi, akaondoka. Aliomba radhi, Mjomba. Nikaona ya kuwa uongo ule haukukaa juu yako peke yako, sasa unawafikia watu ambao hawajawahi kuona trela yetu.

Nikamwambia, "Adriko, kabari niliiweka mimi."

"Kabari gani?"

"Ile."

Aliendelea kukunja gazeti la karanga. "Wewe uliita tu. Dereva alisema mwenyewe."

"Alisema uongo. Niliisukuma kwa kiatu. Sikutaka kuchafua nguo."

Mikono yake ikaacha gazeti. Alitazama miguu yangu kwa muda mrefu. "Kiatu hiki?"

"Sicho. Vile nilivivaa mpaka vikaisha."

Alicheka, kicheko ambacho sitaki kukisikia tena. "Ukavivaa mpaka vikaisha. Mimi kiatu yangu ya kulia iko chini ya kitanda. Mupya kabisa."

Watu walinunua sigara, akawapa chenji, akawatakia siku njema. Halafu akasema, kama anaongea na yale masanduku yake, "Mwaka kumi na moja nilikula na yule mutu sahani moja. Nikamutemea mate. Kwa nini hakusema?"

"Alikuwa ananilinda mimi."

"Na wewe mwaka zote hizi ulikuwa unalinda nani?"

Nililia. Hakuninyamazisha, na nilishukuru. Mwishoni akasema, "Usiambie mimi peke yangu. Mimi nimeambia madereva yote. Nateete, yadi, mpaka kambini kwa ndugu yangu. Nenda, ambia wao vile uliambia mimi."

"Na ndugu yako?"

"Huyo nitamwambia mimi. Lakini atafanya nini, sijui. Siwezi kukudanganya, Profesa."

Nilirudi nyumbani nikiwa na hofu, na bado ninayo. Usiku wote wa Jumapili nilikuwa na sababu nzuri za kungoja: mitihani ya wasichana wangu iko karibu, sajini ni mtu wa hasira, wewe mwenyewe ulichagua kunifunika. Zote ni sababu za mtu anayetazama sketi yake.

Kwa hiyo, Mjomba, hii si barua ya kukuomba ruhusa. Jumatatu asubuhi, kabla ya kipindi cha kwanza, nilibandika karatasi tatu: moja kwenye mlango wa yadi, moja kwenye hoteli ya chai wanakokula madereva pale Nateete, na moja mahali yanapopakia malori yanayokwenda mpakani. Nimeandika kwa herufi kubwa ili wasome kwa mbali: *Siku Adriko alipovunjika mguu, kabari ya nyuma niliiweka mimi, mpwa wa dereva, na sikuigonga. Dereva hakukosa. Alisema uongo ili niende shule.* Chini nimeweka jina langu lote, na shule ninakofundisha, ili anayenitafuta asisumbue majirani.

Mpwa wako, wa Nateete.