Nani Anashusha Kiti Changu?

Buguruni, Jumanne

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Najua umeitikia marahaba hata kabla hujapata miwani. Goti linaendeleaje na baridi ya huko? Yule ng'ombe aliyegoma kula amepona? Na kaka Anaeli ameshaezeka jiko, au bado anasema wiki ijayo? Sisi huku wazima. Shukuru anaota jino la pili, na tangu lianze kutoka hatulali. Mtoto analia, mimi nalia, jirani anagonga ukuta. Ukiona mwandiko umepinda, ujue nimempakata na anavuta kalamu.

Barua hii anakuletea Benedict wa kwa shangazi, mkononi. Nimeona niandike kwa sababu ukipokea simu Anaeli anakuwekea spika, nusu ya ukoo inasikiliza, halafu wewe Mama, samahani, huwa hunipi nafasi nikamaliza. Safari hii naomba unisikilize mpaka mwisho. Uliniuliza jana kama Paskalina ameshaondoka nikakwambia nitakueleza. Ndiyo nakueleza.

Unakumbuka ulipokuja nilipojifungua, siku ya kuondoka, pale stendi, ulinishika mkono ukaniambia nimchunge huyo wifi yangu. Ulisema msichana ni mkimya mno, na mtu mkimya namna ile ana jambo lake. Nikacheka. Nikakujibu kwamba bila Paskalina kunishikia mtoto ningekuwa nimeshaacha kazi. Lakini neno lako lilibaki sikioni kama maji ya kuoga, unatikisa kichwa hayatoki.

Kazi yangu unaijua. Napeleka sampuli na risiti za duka la Mzee Saif, Kariakoo nzima, kwa ile baiskeli ya resi, mtumba wa Japani. Pikipiki zinakwama kwenye mikokoteni, mimi napenya. Jumapili nimekuwa nikiendesha na wanawake wa klabu, na mwaka huu yakatangazwa mashindano ya mizunguko pale Mnazi Mmoja. Barabara zinafungwa asubuhi, mnazunguka Lumumba, Uhuru, Bibi Titi, mnarudi mlikotoka, hivyo hivyo mpaka igongwe kengele ya mzunguko wa mwisho. Mshindi wa wanawake alikuwa anapewa baiskeli mpya. Ulisema mama anayenyonyesha hakimbizani barabarani. Nilikusikia Mama, nikajiandikisha.

Sasa, kama mwezi hivi kabla ya mashindano, napanda baiskeli kwenda kazini, magoti yananijia kidevuni. Kiti kimeshuka. Nikadhani nati imelegea, nikakipandisha, nikakaza. Siku chache tu, kimeshuka tena. Na kiti kikishuka kwa kulegea, ukikishika kinacheza. Hiki kilikuwa kimekazwa vizuri kabisa kule chini. Maana yake mtu mfupi kuliko mimi alikuwa anapanda baiskeli yangu.

Baiskeli inalala koridoni, imefungwa kufuli kwenye nondo za dirisha. Ufunguo unaning'inia ndani kwetu, nyuma ya mlango. Nikachukua rangi ya kucha, ile nyekundu uliyonikataza kwenda nayo kanisani, nikachora mstari kwenye bomba la kiti pale linapoingia kwenye fremu. Kesho yake asubuhi mstari sikuuona. Ulikuwa umezama ndani.

Usingizi wangu mimi ni ule wa alfajiri tu, Shukuru akishachoka kulia. Na saa hizo ndizo mume wangu Severine anarudi kutoka bandarini, akishaacha foklifti yake ya kunyanyulia mizigo. Nikaanza kuhesabu mambo. Severine ni mrefu kama nguzo ya umeme, kiti changu kingemfaa akipandishe, si akishushe. Basi anampa nani? Nikamuuliza kwa kuzunguka, akanijibu huku anacheka kwamba labda mimi nimerefuka. Mama, mume akikujibu utani kwenye jambo kama hilo, usingizi hata ule wa alfajiri unakimbia. Nilinusa mashati yake yote, yakanuka dizeli.

Halafu Zena, mpangaji wa chumba cha mbele, akanivuta pembeni nikiwa naanika nguo. Akasema amemwona mwanamke amejitanda khanga gubigubi anasukuma baiskeli yangu kutoka getini. Akaniuliza, shoga, mumeo anaazima baiskeli tu, au na mengine? Nikamwambia aangalie maharage yake yanaungua. Lakini vibanio vikawa vinanidondoka.

Siku mbili tatu baadaye nikamwona Paskalina anachechemea, kiwiko kimechubuka. Eti ameteleza bafuni. Bafu letu sakafu yake ni saruji ya kukwaruza, hata mlevi hatelezi. Nikachungulia beseni lake la kufulia, khanga ina grisi ya cheni. Hapo nikaacha kumshuku Severine nikahamia kwa dada yake. Paskalina ni mfupi, ndiyo, lakini baiskeli hajui. Aliwahi kujaribu uani mwaka jana, watoto wakamcheka, akaapa hataigusa tena. Kwa hiyo nikasema haipandi, anaichezea. Anashusha kiti, anachokonoa cheni, ili nikwame, nibaki nyumbani, au nivunjike mguu. Nilikupigia usiku ule, na wewe ukasema nimwondoe kabla hajahamishia ubaya kwa mtoto. Nikamkatia tiketi ya basi ya Jumatatu, ya kurudi kwao Mahenge. Severine sikumwambia.

Jumapili ikaamka na mvua. Naenda kufungua baiskeli, kiti kipo sawa, mstari unaonekana, lakini matairi yote mawili yamelegea. Ukibonyeza kwa dole gumba linazama. Paskalina alikuwa amekaa kizingitini na Shukuru, akaniangalia, akainamisha macho. Nikasema moyoni, leo nimekukamata. Nikachukua pampu, nikajaza upepo kwa hasira mpaka matairi yakawa magumu kama jiwe. Nilipomaliza nikamwambia afunge mizigo yake, basi ni kesho asubuhi. Akafungua mdomo. Nikamwambia asiseme neno mbele ya mwanangu. Akaufunga.

Pale Mnazi Mmoja watu walijaa chini ya maturubai, wamachinga wamefunika bidhaa zao kwa nailoni wenyewe wanalowa. Khairunnisa wa Upanga, yule bingwa wa klabu yetu, akaniambia kwa sauti kwamba Mama Shukuru, leo usije ukasimama katikati kunyonyesha, tukakugonga. Wakacheka wote, hata mwamuzi. Kisha nikamwona ameinama kwenye gurudumu lake, nikasikia upepo unatoka, pssss. Nikafurahi, Mungu anisamehe. Nilidhani ameharibikiwa.

Tukaondoka. Mama, sitakudanganya, mizunguko ya kwanza ilikuwa raha. Maji yanakuruka usoni, huoni ila mgongo wa mwenzio, na kila ukipita Lumumba wanapiga kelele, mama, kanyaga! Mama, usimwachie huyo! Kwa muda ule sikuwa nimechoka, sikuwa na jino la mtu wala kiti cha mtu kichwani. Lakini kila kona nilihisi gurudumu la mbele linaogopa. Mvua ilikuwa imeinua mafuta ya malori kwenye lami, yanang'aa rangi rangi. Tukafika kona ya kutoka Lumumba kuingia Uhuru, nikiwa wa tatu, sikushika hata breki, gurudumu likaondoka chini yangu kama sabuni. Nikalalia nyonga, nikateleza mpaka kwenye ukingo wa barabara. Wenzangu wakapita, mmoja mmoja, maji yao yananimwagikia.

Nikiwa bado chini nikaona mtu anachomoka kwenye watu. Paskalina, mvua imemlowesha, Shukuru amemfunga mgongoni na kumfunika nailoni. Alinifuata kwa bajaji, sijui nauli alipata wapi. Alinitazama mara moja kuona kama niko mzima, halafu akapiga magoti kwenye gurudumu langu la mbele, akafungua upepo. Pssss. Nikampigia kelele mbele ya watu wote kwamba hata hapa? Hata nikiwa chini bado hujaridhika?

Hakuinua kichwa. Aliniambia, wifi, lami ikilowa tairi gumu halishiki, linateleza. Mimi nilianguka hapa hapa Uhuru, nimejua kwa kiwiko. Akahamia gurudumu la nyuma, akabonyeza kwa dole gumba, akabonyeza tena, akaniambia panda.

Mwamuzi wa kona akasema aliyeanguka anaruhusiwa kukosa mzunguko mmoja, nisubiri kundi likipita niingie nyuma yake. Nikasubiri, damu inatiririka na mvua, namwangalia Paskalina anavyomtikisa mtoto asilie. Kundi likaja nikaingia. Kona ile ile nikaipita, na tairi likashika Mama, lilishika kama kiganja. Nilimaliza wa nne. Baiskeli mpya kachukua Khairunnisa, na baadaye alinifuata, bila utani safari hii, kuniuliza ni nani huyo aliyenitolea upepo vizuri hivyo.

Sasa naomba ukae, kama umesimama.

Nyumbani nilimuuliza Paskalina kwa nini hakuniomba baiskeli kama alitaka kujifunza. Aliyejibu ni Severine. Yeye ndiye aliyekuwa anamfundisha kila alfajiri akirudi kazini, anamshushia kiti, halafu wote wawili kwa usingizi wanasahau kukirudisha. Usiku wa kuamkia mashindano, mvua ilipoanza, Paskalina ndiye aliyetoa upepo, akapanga kunieleza asubuhi. Na Severine alinificha kwa sababu dada yake alimwapisha asiniambie. Nikauliza, aliniogopa nini mimi?

Ndipo Paskalina akaongea. Alisema ulipokuwa hapa, ulimkuta koridoni anaifuta ile baiskeli, ameshika usukani. Ukamwambia ametoka kwao kuja kushika mtoto, si kushika vitu vya binti yako, na usimwone tena anarudia. Akaamini mimi ndiye niliyekutuma. Miezi yote hiyo, Mama, amekaa humu ndani akijua mimi nimemkataza kugusa vitu vyangu. Ule ukimya ulioniambia niuchunge, uliuweka wewe.

Sikuandikii kukugombeza. Najua ulinionea uchungu, umeona nilivyohangaika kuipata ile baiskeli. Na mimi sina usafi, nimemfungisha mtu mizigo mbele ya watoto wa uani. Nimeshamwomba msamaha, nimemwambia kwamba sikukutuma. Lakini neno lile si langu kulifuta, ni lako.

Tiketi imepita na siku yake. Paskalina haendi popote, isipokuwa akitaka mwenyewe. Hataki kushika mtoto wa mtu maisha yake yote, ameniambia wazi, anataka kazi ya kuendesha, na mashindano pia. Mzee Saif amekubali kumjaribu. Asubuhi ataendesha yeye nami nabaki na Shukuru, mchana tunabadilishana. Nitapata nusu ya mshahara na nusu ya usingizi. Ukinipigia kuniambia nimekosea, nitakusikiliza kwa heshima zote, na itabaki hivyo hivyo.

Ukija Krismasi utaona kwenye bomba la kiti kuna mistari miwili. Mwekundu ni wangu. Wa zambarau, juu yake kidogo, nimeuchora jana kwa ajili ya Paskalina.

Msalimie Anaeli na wote wa nyumbani, na mwambie jiko haliezekwi kwa mdomo. Severine anakusalimu. Shukuru anakusalimu kwa kutafuna kona ya karatasi hii, utaona. Paskalina amesimama hapa mlangoni anakamua khanga, nimemuuliza kama ana neno. Amesema niandike: Shikamoo Mama.

Hii usiniitikie mimi. Ukipata barua piga simu, mwambie Anaeli atoe spika, nitampa Paskalina simu.

Mwanao akupendaye,
Brightness