Nafasi Moja ya Mwalimu wa Hesabu

Mto Kuskokwim, Alaska
Mwanzoni mwa Juni

Baba yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa binti yako wa mbali, na kabla ya yote nipe habari za goti lako. Shangazi Halina ameniandikia kwamba sasa unapanda ngazi bila kushika ukuta. Nimefurahi, ingawa namjua shangazi kwa kutia chumvi. Toledo kumeshaanza joto? Nyanya umepanda? Mimi ni mzima kabisa. Barafu ya mto imepasuka na kwenda zake, mbu wameamka na njaa yao, na kila nyumba hapa kijijini inashona nyavu kungoja samaki wa salmoni.

Barua yako nimeipata. Umeniuliza narudi lini, na umesema umeshapaka rangi chumba changu. Nitakujibu, ila nivumilie, maana jibu lina mzunguko kidogo.

Unakumbuka jinsi nilivyokuja huku. Serikali ilinilipia sehemu kubwa ya ada ya chuo kwa sharti kwamba nifundishe hesabu miaka minne katika shule zilizokosa walimu. Nisipoimaliza katika muda uliowekwa, msaada wote unageuka mkopo, na riba juu. Wewe uliweka kidole kwenye ramani ukasema, "Thea, huko hata barabara hakuna." Ulisema kweli. Sasa nimebakiza mwaka mmoja.

Jambo ambalo sikukuandikia ni kwamba mwaka wa kwanza wanafunzi hawakuniita jina langu hata mara moja. Nilikuwa "mwalimu mpya" tangu vuli hadi kiangazi. Ndege ndogo ikitua, wanakimbilia dirishani na kunipigia kelele, "Mwalimu mpya! Teksi yako imefika!" Nilitaka sana kujua sababu, nikamuuliza Olinka Wassillie, msaidizi wa darasani kwangu. Olinka ni wa rika langu, ana binti mdogo aitwaye Masha, na alisoma chuo kule mjini Anchorage kwa muda kabla ya kurudi nyumbani baba yake alipopooza upande mmoja. Alinicheka. Akasema, "Sasa wajifunze jina lako la nini? Walimu wa hesabu kwetu ni kama bata bukini. Theluji ikikaribia, hatuwaoni."

Theluji ya mwaka wa pili ilinikuta nikiwa bado nipo, ndipo wakaanza kuniita Thea, tena kwa kelele zilezile.

Siku moja tulikuwa tunapasua samaki nyumbani kwao. Baba yake, Mzee Evon, aliniuliza kwa ule ulimi wake mzito ni nani hasa aliyenituma huku. Nikamweleza habari za msaada. Akataka kujua kama nalipwa kwa sababu ya baridi au kwa sababu yao. Nilicheka. Olinka hakucheka. Aliweka kisu chini.

"Ngoja kwanza," akasema. "Serikali inakulipa wewe utoke Toledo, kule Ohio, uje kukaa kwetu. Na mimi niliyezaliwa hapa hapa, wananilipa nini?"

Baba, lile swali halikunitoka kichwani. Nilipiga simu chuo kikuu, nikazungushwa kutoka ofisi hadi ofisi, mpaka nikampata mama mmoja mwenye subira. Alinieleza kwamba msaada ule hauulizi mtu ametoka wapi. Unauliza atafundisha somo gani na mahali gani. Olinka alikuwa na haki nao sawa na mimi. Nilikimbia kumpa habari nikidhani atashangilia. Kesho yake akaja amevimba uso, akaniuliza kwa nini hakuna mtu aliyemwambia alipokuwa Anchorage, akishindia mkate mkavu ili alipe ada.

Basi akauomba msaada ule, akarudi masomoni kwa kompyuta, akiwa hapa hapa kijijini. Mtandao ukikatika nyumbani alihamia shuleni, nami nikabaki na Masha, anayeiba sukari kuliko mtoto yeyote ninayemjua. Mara nyingine Olinka alitaka kuacha. Mara nyingine alinitukana mimi na hesabu zangu. Mwezi uliopita alihitimu. Ukumbini zilipigwa ngoma, watu wakacheza na kula mafuta yaliyopigwa na kuchanganywa na matunda ya porini, na Mzee Evon alilia bila kujificha.

Furaha ile haikudumu. Mkuu wa shule, Bwana Pruitt, alituita ofisini akatuambia kwamba nafasi ya mwalimu wa hesabu ni moja tu. Mimi ndiye niliye kazini, kwa hiyo naweza kubaki. Olinka angepelekwa kijiji kingine, juu kabisa ya mto, ambako nako kuna upungufu, hivyo msaada wake usingepotea. Alisema hayo kama mtu anayesoma ratiba ya ndege. Olinka alitazama dirishani. Mimi niliwaza ni nani atakayemwinua Mzee Evon na kumpeleka kwenye bafu la mvuke.

Maneno yakaenea. Dukani mama muuzaji aliniambia waziwazi, "Miaka yote tunalia hatuna mwalimu. Leo tunao wawili, halafu aondoke wetu?" Hakuniambia kwa ubaya. Alikuwa anashangaa tu, kama nilivyokuwa nashangaa mimi.

Sasa, Baba, kaa kitini. Nilirudi kwa Bwana Pruitt nikamwambia nafasi ampe Olinka, mimi nitakwenda huko juu ya mto. Alinionya kwamba bodi ya shule ilikuwa haijakaa. Ikinikataa, nitakuwa nimeacha kazi kwa mkono wangu mwenyewe, na muda wa ule msaada hausimami kumngoja mtu. Nikamjibu kwamba nimeelewa.

Kijiji kizima kikanigeuza malaika. Waliniletea samaki waliokaushwa na soksi za manyoya. Mama wa dukani alikataa pesa yangu. Olinka peke yake ndiye aliyeingia kwangu bila kubisha hodi, macho mekundu.

"Nani alikuomba?" aliniuliza. "Nimesoma kwa jasho langu, na sasa watu watasema nafasi uliniachia. Ungengoja tushindane! Unadhani ningeshindwa?"

Ndipo nikamwambia kitu ambacho sikuwa nimemwambia mtu, na ambacho leo nakuandikia wewe. Sikumwachia chochote. Majira ya baridi yaliyopita, nikitoka mjini, dhoruba iliishusha ndege yetu katika kijiji kile cha juu ya mto, nikalala shuleni kwao. Asubuhi msichana mmoja alinikuta nakunywa chai, akaniuliza ni nani aliyekataza kugawanya kwa sifuri, na adhabu yake ni nini. Nilianza kumjibu, rubani akaniita, nikaondoka katikati ya sentensi. Tangu siku ile nawashwa na lile swali. Bwana Pruitt alipokitaja kijiji kile, moyo wangu uliruka kabla hata sijamkumbuka Olinka wala baba yake. Ningemwomba kwenda hata kama nafasi hapa zingekuwa tano.

Olinka alinikodolea macho. Kisha akacheka mpaka akakaa sakafuni. "Kumbe nimelia bure! Wewe si malaika, wewe ni dubu. Umesikia harufu, basi huzuiliki." Akaniamuru niwaambie watu ukweli. Nimewaambia. Soksi hawajazidai.

Bodi ilikaa jana ikanikubali. Nahamia huko Agosti. Mwaka huo ukiisha, sharti la serikali nalo limekwisha, na nitakuwa huru kurudi. Lakini nikikuahidi kwamba nitarudi, nitakuwa nakudanganya. Nilikuja huku kwa ajili ya ile ada. Sikai tena kwa ajili yake. Chumba mpe Shangazi Halina aweke cherehani yake. Kasirika kwanza, una haki, halafu uniandikie.

Jibu la yule msichana nimeliandaa, lakini huenda ameshapata swali jingine gumu zaidi, na hilo ndilo ninalotamani kulisikia.

Nisalimie shangazi, na majirani wote wanaoniulizia. Mzee Evon anakusalimu, anasema mtoto wako umemlea vizuri ila hatulii. Nakukumbatia kwa nguvu zote.

Binti yako akupendaye,
Thea