Ngao ya Baba Bado ya Moto

Jumanne, 2 Julai

Baridi kali. Asubuhi nimepukuchua mahindi, mchana nimepika maharage. Baba kasema hayana chumvi. Nilitia mwenyewe. Husema hivyo kila siku, hata marehemu Mama aliambiwa hivyohivyo. Hatoki tena kitandani. Ngao yake ya mbao ipo ukutani, ya moto. Ngao ya muumini wa Kela, mungu wetu, hukaa na pumzi ya mwenyewe.

Alhamisi, 4 Julai

Baba amefariki alfajiri nikichochea moto. Nimeshika ngao. Bado ya moto. Ndivyo inavyokuwa: mwili unalala, pumzi inabaki kwenye ngao mpaka ipiganiwe.

Shangazi, dada yake Baba, ndiye kuhani wetu. Kampaka mafuta ya alizeti mwili mzima na jivu kwenye nyayo. Kisha kanikabidhi ngao mbele ya watu. Mimi niliyemuuguza ndiye mzuiaji. Kaka Deo ndiye mchukuaji. Atakuja na mchi wa kinu chetu, anisukume hadi nivuke mstari wa majivu. Hapo ngao inapoa, Baba anazikwa. Lakini lazima wote wawili wapigane kweli. Mmoja akijilegeza, Kela hapokei.

Mimi sitajilegeza. Sitaki aende. Hilo naliandika hapa tu.

Deo kafika jioni kutoka Sumbawanga na bodaboda yake. Vumbi tupu.

Ijumaa, 5 Julai

Nimeshinda. Aibu gani hii.

Tulipigana kwenye uwanja wa kupuria ulezi. Deo alikuwa anagusagusa ngao kwa mchi kama anayeogopa kumwaga unga. Nikamsukuma, akavuka majivu yeye. Shangazi kamfunika Baba upya, karudishwa ndani; tutarudia Jumapili.

Majirani zetu Wakatoliki wameleta unga, wakauliza kaburi linachimbwa lini. Nimeupeleka unga jikoni.

Jioni nimeipakata ngao. Nilifurahi. Kusema kweli nilifurahi sana.

Jumamosi, 6 Julai

Ngao imeniunguza kiganja. Shangazi kaangalia lengelenge, kasema, "Hajakasirika, mwanangu. Kachoka. Hana pa kwenda." Furaha ya jana imeniishia palepale. Baridi hii inausaidia mwili, lakini si kwa muda mrefu.

Nimemfuata Deo nyuma ya nyumba. Alikuwa anafuta pikipiki ambayo tayari ilikuwa safi.

"Kaka, mbona hukunipiga?"

"Nikupigeje, Oliva? Umemuuguza peke yako, mimi niko mjini napakia abiria. Leo nije nimchukue kwako na mchi?"

Nimemwambia ndiyo, hivyohivyo. Na kwamba kesho nitazuia kama nilivyozuia jana, simwachii hata kidogo, kwa hiyo huruma yake aiache kwenye pikipiki. Kalia. Nimemkasirikia kwa kulia, maana mimi bado sijaweza.

Jumapili, 7 Julai

Kengele ya kanisa ilikuwa inalia tulipoingia uwanjani. Pigo la kwanza nililisikia kwenye meno. Nikakaza. Nilizuia kweli, visigino vikachimba udongo. Nilimwita Baba. Deo naye alikuwa anamwita, huku anapiga. Ngao ikapasuka katikati. Nilipotazama chini, miguu yangu yote ilikuwa ng'ambo ya majivu.

Shangazi kaushika mkono wangu, kauweka juu ya ubao. Baridi. Ubao tu, kama mlango.

Hapo ndipo nikalia.

Tumemzika kabla ya mchana. Majirani wamekuja wote, wameimba nyimbo zao, Shangazi hakukataza. Mkono wa kushoto umevimba. Deo kanikanda kwa maji ya moto, hakuomba msamaha. Vizuri. Angeomba ningemrushia beseni.

Jumatatu, 8 Julai

Upepo umepungua. Vipande vya ngao ndivyo kuni za chakula cha kwanza baada ya mazishi. Vimeshika moto upesi, vikavu. Nimepika maharage kwa mkono mmoja, Deo kasonga ugali wa ulezi. Una mabuje ya unga.

Kakaa kwenye kigoda cha Baba, nadhani hata hakuangalia. Kaonja. Kasema hayana chumvi.

Nilitia. Nimemsogezea kopo la chumvi.