Njia Isiyokuwamo Ramanini

Hail al-Sidr,
Jabal Akhdhar.
Machi 9, 2018.

Mpendwa Mama mdogo Ghaliya,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Salala, wewe, mumeo na mtoto. Je, kikohozi kimekwisha? Sisi hatujambo, ila magoti ya Bibi yanazidi kumuuma, na baridi ya huku haina huruma kwa wazee.

Mwalimu wetu wa jiografia ametuletea ramani ya njia za kale za milimani, zile ambazo wageni hupenda kuzipita kwa miguu. Ametufundisha kuisoma. Mistari ya kontua ikisongamana, hapo pana mteremko mkali. Ikiachana, mtu anaweza kupumua. Nilitafuta kijiji chetu kabla ya mengine yote. Kimo!

Lakini njia ya kwenda bustani za juu imechorwa ikizunguka bonde lote. Nilishangaa, maana Baba husema marehemu Mama alikuwa akienda kuchuma makomamanga na kurudi kabla mkate haujapoa. Kwa njia ile haiwezekani.

Nilipomwonyesha Bibi, alicheka mpaka akashika mbavu.

“Hiyo ni njia ya punda! Wapimaji walikuja na makopo yao ya rangi ya kutia alama njiani, wakatuuliza sisi wanawake. Unadhani tungewapitisha penye birika letu la kuogea, watuchungulie?”

“Basi Bibi umeidanganya serikali,” dada Raya akamtania. “Watakuja kukufunga.”

“Waje. Lakini wanibebe, magoti sina. Na wewe mvivu watakuacha hapa uoshe vyombo.”

Ijumaa iliyopita tulikwenda mimi na Raya kuitafuta hiyo njia yenu ya birikani. Tulifuata mfereji hadi kwenye birika. Tangu mabomba yaingie majumbani hakuna aogaye pale, limejaa majani makavu. Mbele yake ni jabali tupu. Kwenye ramani, kontua za hapo zimegusana kabisa, kana kwamba hata mbuzi hapiti. Raya aliniita nirudi. Nilisimama nikilitazama, nikashindwa kujua Mama alianza na mguu gani.

Bibi anasema haielezeki kwa mdomo. Ni kujua pa kushika na pa kukanyaga. Waliokuwa wakipita ni yeye, Mama na wewe. Sasa umebaki wewe tu.

Mama mdogo, usiniandikie maelekezo. Njoo. Mwezi ujao waridi zitachanua nasi tutakuwa likizoni. Hata ukipata siku mbili tu zinatosha. Tangulia wewe, nami nitakuwa nyuma yako nikikanyaga unapokanyaga, na nitajua kuwa Mama naye alikanyaga papo hapo.

Baba, Bibi na Raya wanakusalimu sana. Mbusu mdogo wangu Hilal, na umfikishie mumeo heshima zangu. Mwenyezi Mungu akulinde na akufungulie safari.

Wako akupendaye, anayekungoja,

Azza