Shikamoo Niliyomnyima Shemeji Chini ya Mwamba

Songambele, Kyerwa

Kwa dada yangu Leokadia, mwenye nyumba yake Nyakasimbi,

Shikamoo dada. Ipokee kwanza, ndipo ukasirike. Natumaini goti lako halikusumbui sana mvua zikikaribia, na kwamba ule mnyauko haujafika kwenye migomba yako ya nyuma ya jiko. Huku kwetu umepita kama mkusanya ushuru, hauachi nyumba. Mimi ni mzima. Meno yamebaki mawili, moja juu moja chini, na hayo nayo hayaonani.

Habari kubwa ya huku ni kwamba mdogo wako nimeupanda mwamba wa Ibaare mpaka juu kabisa, peke yangu, kwa mikono hii unayoijua, akina mama wakipiga vigelegele na vijana wakivua kofia.

Haya, umeshacheka, basi niseme kweli. Nilifika usawa wa mgomba ambao haujazaa. Nikalishika jiwe, jiwe nalo likanishika. Ikabidi nibanduliwe kama kinyonga, na suruali ikabaki na dirisha nyuma. Tangu siku hiyo kazi yangu ni kukaa chini na kushika kamba.

Nakuandikia kwa sababu simu yenu anaishika mume wako, na kila akisikia sauti yangu anakata. Najua Anatoli amekwisha kukueleza: nilimnyima shikamoo mbele za watu, nikamsukuma, kofia yake ikaangukia tope. Yote ni kweli, sikatai hata moja. Lakini yeye alikuwa ameugeuzia mwamba mgongo, hakuona kilichokuwa nyuma yake. Mimi nilikiona. Keti nikueleze.

Unajua nilihamia huku kwa mwanangu Edina baada ya kumzika mke wangu, nikajiunga na kikundi chao cha asali. Mizinga yao wanaiweka kwenye vijukwaa vya mwamba, juu, wasikofika siafu wala wezi. Anayepanda kurina ni mwanamke mmoja, Adventina. Alipougua homa utotoni masikio yalizimika, hasikii hata radi. Lakini kwenye jiwe, dada, yule ni mjusi. Kaka yake anabeba mizigo ya wapanda mlima huko Kilimanjaro, akamletea mkanda, kamba na pete za chuma zilizokwisha tumika. Basi kamba inatoka kiunoni kwake, inapita kwenye pete iliyofungwa mtini kule juu, inarudi chini mpaka kwenye mkanda wangu. Akipanda naivuta. Akitaka kushuka nalegeza. Akiteleza nabana na kukaa chini kwa uzito wangu wote, kama gunia la kahawa. Mwishowe nimepata kazi ambayo unene ni cheti.

Mwanzoni nilikuwa nampigia kelele. "Adventina! Kushoto! Kushoto nakwambia!" Watu wakacheka mpaka wakakaa. Yeye mwenyewe alinitazama kinywa, akacheka kuliko wote, na tangu hapo akanipa jina kwa lugha ya mikono ya kwao: vidole viwili chini ya mdomo, vinaning'inia. Maana yake Meno Mawili. Nilijifanya nimenuna, lakini nilifurahi, kwa sababu hawampi jina mtu wa kupita.

Alinifundisha. Ngumi juu maana yake nishike, sina uhakika. Kiganja wazi, subiri. Mkono ukipepea chini, nishushe. Akijificha nyuma ya lile tumbo la mwamba nisimwone, anaivuta kamba: kuvuta kwa muda mrefu ni legeza, kuvuta kwa haraka haraka ni nishushe sasa hivi. Na mimi namjibu kwa kamba hiyo hiyo. Wale wanaosikia wakipandishana hupigiana kelele, upepo unachukua nusu na nyuki nusu, kila mtu anabaki anauliza "Nini?" Sisi wawili hatuulizani. Kuna kitu kimoja tu anachotaka kwangu, alinionyesha siku ya kwanza: akanigusa macho, kisha akagusa masikio yake. Macho yangu ndiyo masikio yake. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Sikuelewa. Siku moja yuko juu, anafungua mzinga, akapita mzee wa kanisa anasukuma baiskeli. Dada, wewe na mimi tumelelewa na mama yule yule. Mzee akipita, mtu anafanyaje? Nikageuka. Mkono mmoja umebana kamba, hilo sikulisahau, lakini uso wangu nikampa yeye. "Shikamoo mzee." "Marahaba, waitu. Habari za huku?" Nzuri. Za nyumbani? Nzuri. Watoto? Wazima. Migomba? Ah, migomba. Unajua salamu za kwetu, hazina mlango wa kutokea. Tukiwa tumefika kwenye ndama wake anayeharisha, nikahisi kamba inavutwa haraka haraka. Unajua nilifanya nini? Niliipapasa. Niliipapasa kamba, hivi, kama mtu anayemtuliza ng'ombe wakati wa kukamua. Nikaendelea kuuliza habari za ndama.

Nilipogeuka, nyuki walikuwa wamemfunika Adventina kama shuka.

Nikamshusha mbio. Vazi lake la kurinia lilikuwa limechanika shingoni, wameingia humo. Uso umemvimba mpaka macho yamekuwa mistari. Nikaanza kuchezesha mikono, pole, pole, nimekosa. Alinitazama kidogo. Halafu, dada, akafumba macho. Wewe ukinikasirikia naweza kukufuata nyuma nikisema mpaka unichoke. Lakini asiyesikia akikufumbia macho, mazungumzo yamekwisha. Nilibaki napunga mikono hewani kama mtu anayefukuza kunguru.

Tukaitwa kikao. Mwenyekiti wetu, Projestus, ni mtu mwema, lakini akishaamua jambo huwezi kulitoa kichwani mwake hata kwa panga. Akasema: "Mmeona wenyewe. Mtu asiyesikia hawezi kazi ya juu. Kuanzia leo Adventina atakamua masega hapa chini."

Nikasimama. "Mwenyekiti, yeye aliita. Mimi ndiye ambaye sikusikia."

"Mzee Kalisti, ulikuwa unamwamkia mzee. Hilo si kosa."

"Ni kosa."

"Kumwamkia mzee ni kosa?" Kikao kizima kikaangua kicheko. Yule mzee wa kanisa naye alikuwepo, akatikisa kichwa kwa huruma, kana kwamba nyuki wameniuma mimi kwenye ubongo.

Hapo ndipo nilipokasirika kweli. Kosa nilifanya mimi mwenye masikio mawili mazima, na adhabu inamwendea asiye nalo hata moja, kwa sababu kosa langu lina adabu! Nikawaambia: mavuno yajayo tutapanda mimi na yeye, ninyi nyote mtazame. Likitokea la kutokea, sote wawili tunatoka kwenye kikundi. Projestus akasema sawa, labda anyamazishe kelele zangu.

Kumbe nimeweka dau bila kumwuliza mwenyewe. Nikaenda kwake. Nikamkuta anaanika kahawa kwenye mkeka, kila akiniona anainamia kahawa. Nikazunguka upande huu, akageukia upande ule. Nilizunguka mkeka ule kama jogoo mpaka mama yake akatoka jikoni na mwiko. Mwishowe nikapiga magoti juu ya kahawa yenyewe. Nikagusa macho yangu, nikaonyesha masikio yake, nikajipiga kofi. Akanitazama. Akaondoa kahawa iliyokwama gotini kwangu, punje kwa punje, kwa sababu kahawa ni kahawa. Halafu akaleta kamba.

Tukajizoeza pale pale uani. Yeye anapita kati ya migomba na kamba kiunoni, mimi naishika nikimtazama, na mama yake amepewa kazi ya kuniharibu. "Shikamoo Mzee Kalisti!" Shingo yangu ikageuka yenyewe. Paa! Adventina amenirushia punje ya kahawa usoni. "Mzee Kalisti, nyoka!" Paa! "Mzee Kalisti, chakula tayari!" Hapo nilipigwa punje nyingi. Mama yake anaipenda kazi ile, anajitungia na mambo yake: "Mzee Kalisti, kuna mjane anakuulizia!" Siku ya kwanza nilirudi kwa Edina na paji la uso kama gunzi la mahindi. Lakini nilirudi tena kesho yake, na kesho yake. Mpaka nikaweza kusimama kama kisiki, watu wakipita barabarani wakiniamkia, siitikii. Maneno yakaanza. Kalisti amekuwa na kiburi. Kalisti amerukwa na akili. Nikaacha yapite. Kumsalimia mtu naweza kuahirisha, lakini aliye juu ya mwamba haahirishiki.

Siku ya mavuno ikafika, kikundi kizima kimepanga mstari chini ya mwamba, wengine wamekuja na viti. Adventina akapanda. Alipofika chini ya lile tumbo, mahali pabaya kuliko pote, nikasikia pikipiki inazima nyuma yangu, na sauti ninayoijua.

"Kalisti!"

Mume wako. Amevaa koti na ile kofia ya Jumapili, ameshika kopo la senene ulizonikaangia. Laiti ningejua anakuja! Lakini ndiyo tabia yake, anapenda kutokea kama Jumatatu.

Sikugeuka. Anatoli ni mkubwa kwangu, tena shemeji, shikamoo ni juu yangu kuitoa. Akaisubiri. Watu wote wakaisubiri. Nikasikia kimya kile shingoni kama maji ya baridi. Akadhani sijamwona, masikini, akafanya jambo la heshima kabisa: akaja kusimama mbele yangu, uso kwa uso, anipe nafasi.

Mbele yangu ndiko kwenye mwamba, dada. Nikaona mkono wa Adventina unainuka, nikaona kiwiko, na pale ambapo ngumi ilipaswa kuwa palikuwa na kofia ya mume wako.

"Toka!" nikamwambia. Nikamsukuma kwa bega.

Ilikuwa ngumi. Nikabana kamba nikakaa chini kama gunia, na wakati ule ule jiwe likabanduka chini ya mguu wa Adventina, likaja likivunja vichaka mpaka likazama kwenye majani karibu na viti vya watu. Kamba ikanivuta hadi matako yakaacha ardhi. Watu wote wakapiga kelele, "Adventina! Adventina!", wanamwita kwa nguvu mtu ambaye hajasikia jina lake tangu utotoni. Mimi peke yangu nilinyamaza. Nilikuwa namtazama.

Akabembea kidogo, akapata mahali pa kidole, kisha pa mguu. Akatazama chini. Hakutazama jiwe lilipoangukia, hakumtazama Projestus. Alitafuta macho yangu, akayakuta. Akaweka vidole viwili chini ya mdomo. Kisha akageuka akaendelea kupanda, na asali ikashuka ndoo baada ya ndoo, wala nyuki hawakupata hata kidole.

Alipotua ndipo nikageuka. Projestus alikuwa ameokota kofia ya mume wako, anaifuta tope kwa mkono wa shati.

"Mzee Kalisti, huna adabu."

"Ndiyo, Mwenyekiti."

"Endelea hivyo hivyo." Kisha akamwendea Adventina, na kwa mara ya kwanza akasimama mbele yake badala ya kuongea na mgongo wake. Akaonyesha kamba, akaonyesha yeye, akaitikia kwa kichwa. Kamba ni yake.

Nikamkimbilia Anatoli nimpe shikamoo yake ingali ya moto. Amekwisha panda pikipiki. "Nimesafiri tangu alfajiri," akasema, "nije nisukumwe mbele za watu!" Nikamwonyesha jiwe, nikamwonyesha mwamba. Hakutazama. Naye alifumba macho, dada, kwa namna yake. Akaondoka, na kopo la senene mkononi.

Sasa sikiliza. Sitaomba radhi kwa kumsukuma. Akija kusimama pale pale mavuno yajayo, nitamsukuma tena, na wewe ukija utasukumwa, na askofu akija atasukumwa. Hilo nimeshaamua. Lakini shikamoo yake ni haki yake. Sikumnyima, niliichelewesha tu, na simu anakata.

Nisalimie wanao wote, hasa yule mkwe wako mpya anayekuogopa. Msalimie shangazi yetu mkubwa, mwambie bado naota ndizi zake za maharage. Msalimie na fundi baiskeli jirani yenu, bado ana pampu yangu. Edina na mumewe wanawaamkia. Adventina anakuamkia pia: ananyoosha kidole huko Nyakasimbi, halafu anaweka mkono kifuani.

Halafu kuna deni moja ninalokudai. Unakumbuka wewe na Anatoli mlipokuwa mnatakana, nanyi mnaona haya hata kutazamana? Nani alikuwa anakimbia kwenye umande kila asubuhi kukubebea maneno, "mwambie hivi", "naye kasema vile", na hakuna aliyenipa hata ndizi mbivu? Basi leo nibebee neno moja tu, hata si zito. Mngoje akishakula ameshiba, simama mbele yake asiweze kutazama kando, umwambie: Kalisti anasema shikamoo.

Akiitikia marahaba, mnyang'anye lile kopo, unitumie.

Mimi mdogo wako,
Kalisti Meno Mawili